Jinsi Adhieu wa Maberingi Alivyolishika Daraja la Kioo

Njoni karibu, enyi wakazi wa Sherikat, nanyi mnaopita tu, wenye malori na wenye mikokoteni, wachuuzi wa maji na wasusi wa nywele. Tulizeni honi zenu, tueni mizigo, mpeane nafasi kwenye benchi. Maana hapa panasimuliwa vita ambavyo hakuna kamanda wa makao ya jeshi ya Bilpam aliyevipelekea askari, wala redio haikuvitangaza. Vilipiganwa Jumamosi moja mchana kweupe, katika chumba kilicho nyuma ya saluni, juu ya mkeka, na mwanamke mwenye leso kiunoni na ndala miguuni.

Mwanamke huyo ni Adhieu binti Madut, Adhieu wa Maberingi, muuza vipuri vya malori kando ya barabara iendayo darajani, ambaye madereva watokao mpakani Nimule humwogopa kuliko tope la masika. Alilelewa Nakuru, nchi ya Kenya, yeye na kaka yake Thiik, wakati watu wazima wa kwao walikuwa bado hawajapatana. Na huko Nakuru, miaka ile ambayo runinga ilikuwa na kisogo kikubwa kuliko uso, ndugu hao wawili walijaliwa kupata gemu ya Kijapani iitwayo Kengele za Tsurane.

Ni habari za kijana mwenye nywele zilizosimama kama miiba ya nungunungu, atokaye kijijini kwao na upanga uliomzidi kimo, akakusanya wenzake njiani, akipigana kwa zamu na kwa adabu. Wewe unapiga, adui anangoja. Adui anapiga, wewe unangoja. Mpaka ufike juu ya mnara wa Bwana Majivu, aliyezimeza kengele zote za nchi hata watu wakawa hawajui saa ya kula wala saa ya kulala. Yule kijana wakamwita Thiik. Binti mganga aliyefuatana naye wakamwita Adhieu, ila mashine ile ya kale haikukubali zaidi ya herufi tano, kwa hiyo utoto wake wote alipigana kwa jina la Adhie.

Na kila walipofika kileleni, penye Daraja la Kioo, kijana wa nungunungu alipolikanyaga tu, picha iliganda. Muziki ulishikwa kwenye sauti moja, ukalia kama mbuzi aliyenaswa kwenye waya. Diski ilikuwa na mkwaruzo. Thiik alisema mkwaruzo ni wa Adhieu, Adhieu akasema ni wa Thiik, na daawa hiyo haijapata hakimu hata leo. Na siku ambazo pengine diski ingewahurumia, alikuwapo mama yao, Mama Abuk, Mng'oa Plagi, Mlinzi wa Bili ya Stima, aliyeingia chumbani bila kubisha hodi na kuzima dunia nzima kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili umeshika mwiko.

Miaka ikapita. Nchi ikapata bendera yake, wakarudi nyumbani, baba yao Madut akazikwa. Thiik akawa dereva, Thiik Mtimuavumbi, na Adhieu akafungua duka. Hawakugombana. Ila walikutana kama malori mawili yanavyopishana: honi moja, mkono dirishani, umefikaje, Mama hajambo, haya. Na kila Adhieu alipofunga duka jioni ilimjia kwamba mtu aliyemjua kuliko wote duniani sasa alimjua kwa namba ya gari tu.

Basi ikawa kwamba mafundi wa Kijapani, katika hekima yao, waliichukua gemu ile ya kale wakaipangusa vumbi na kuipaka rangi upya. Milima iliyokuwa pembetatu za kijani ikaota majani. Nywele za nungunungu zikapepea kwa upepo. Muziki uliokuwa ukilia kama saa ya mezani ukapigwa na watu kwa mazeze na tarumbeta. Lakini hadithi wakaiacha vilevile, neno kwa neno. Thiik aliiona diski hiyo katika duka moja la Kampala, akasimama mbele yake kama aliyekutana na mwanakijiji mwenzake ugenini, akainunua. Alipopita Sherikat alimkabidhi dada yake, kwa kuwa barabarani hana pa kuchomeka hata feni, na akamlisha kiapo: acheze yote, apande milima yote, aue kila kinachouawa, lakini Daraja la Kioo wasilivuke ila wote wawili.

Adhieu akaapa. Akanunua mashine kuukuu kwa fundi wa simu, akaianza gemu upya, na jina lake safari hii likaenea lote. Alilitazama jina hilo kwenye runinga kwa muda mrefu kuliko alivyotazama vita vyovyote.

Na hiyo Jumamosi Thiik alikuwa njiani kutoka Nimule na shehena ya saruji. Ilikuwa ashushe kidogo Sherikat, ale kwa mama yake, kisha kabla jua halijapunga ashike njia ya Bor. Mvua ilikuwa imekwisha kupiga hodi, na kila dereva alijua kwamba lori litakalokwenda Bor safari hiyo huenda likarudi kiangazi kingine. Kwa hiyo ilikuwa leo, au ilikuwa Mungu ajuaye lini.

Adhieu akauparamia mnara tangu asubuhi. Na sikilizeni hapa hila ya wale mafundi: kila pembe ya nchi waliweka mahali pa kusevu, yaani pa kuhifadhi hatua uliyofika, ili mchezaji apumzike bila hofu, isipokuwa kwenye mnara wa mwisho. Huo waliuacha kama ulivyokuwa zamani, kwa heshima ya walioteseka. Atakayekatikiwa umeme humo hurudi chini mlangoni, na jasho la nusu siku likawa maji ya kunawia. Alifika penye daraja. Akasimama. Kaka yake alikuwa bado hajafika. Na kwa kuwa mkono wa shujaa haujui kukaa bure, akageuka akaanza kuwapiga mbwamwitu wa majivu waliozagaa kwenye ngazi, akaenda na kurudi, akaenda na kurudi, kama mwanamke apaliliaye shamba lake mwenyewe, na kila mbwamwitu aliyeanguka alimwongezea nguvu kijana wa nungunungu na binti mganga.

Ndipo simu ikalia. Ni Thiik, na sauti yake imejaa upepo wa barabara. Alikuwa amekwama Nesitu. Fani-belti imekatika, lori limekaa kando kama ng'ombe aliyekataa kwenda mtoni, na pale Nesitu amezunguka kwa wauza vipuri wote hakuna inayoingia.

“Sikiza siz,” akasema Thiik Mtimuavumbi, “mimi sina ya kukuficha. Nikingoja mtu wa kuniletea belti kesho, huko Sherikat sishuki, napitiliza. Hiyo belti iko kwako dukani, na mnara nao uko kwako. Amua wewe. Hata ukisema umechoka kungoja, vuka tu, mimi sitakasirika.”

Adhieu alijua mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba belti iko kwenye msumari wa tatu nyuma ya mlango wa duka, na kwamba kaka yake angekasirika mpaka kaburini. Duka lilikuwa limefungwa na ufunguo alikuwa nao yeye. Bodaboda angeweza kuifikisha Nesitu upesi, lakini lazima mtu akafungue, achague, amtume mpanda pikipiki amjuaye. Na umeme wa chumba kile haukuwa wake. Ulitoka kwenye jenereta la Kisakye, Mganda mwenye saluni ya mbele, kwa waya uliopita chini ya mlango. Nani angelinda plagi?

Alitazama chumbani. Hakukuwa na mtu ila Mama Abuk, ameketi kwenye kigoda akikatakata bamia, kando ya friji yake ya soda za kuuza, na macho yake, wallahi, yalikuwa yakielekea kwenye plagi ukutani.

Basi Adhieu, binti Madut, akafanya jambo ambalo majemadari wa kale wangelifikiri mara mbili: akaikabidhi ngome kwa adui aliyeibomoa tangu zamani. Akapiga magoti mbele ya mama yake. Akamweleza kuhusu daraja, na mnara, na njia ya Bor. Akamwomba asiguse padi ya kuchezea, asiguse kitufe, na plagi, kwa jina la Bwana, asiitazame hata kwa nia njema. Mama Abuk akauliza kama Thiik amekula. Adhieu akasema hajui. Mama Abuk akarudi kwenye bamia zake.

Adhieu akatoka mbio. Akapita katikati ya mashangazi wa bibi-arusi mmoja aliyekuwa akitengenezwa nywele, waliojaa barazani kwa Kisakye, wamevaa kanga za begani za hariri na kuyatandaza magoti yao njiani kama maboma. Akapita bwawa la tope lililomeza ndala yake ya kushoto, naye hakuirudia, kwa maana shujaa haokoti silaha iliyoanguka. Akavuka barabara kuu mbele ya lori la maji lililompigia honi, akamtazama dereva wake, dereva akanyamaza. Akafungua duka, akanyoosha mkono msumarini, akaitwaa ile belti, na bila kuipangusa vumbi akamkabidhi mpanda pikipiki wa kuaminika aliyekuwa amelala juu ya tangi lake, akamwambia maneno machache ambayo tarikhi haina ulazima wa kuyahifadhi. Pikipiki ikaruka kuelekea Nesitu.

Aliporudi, alisikia jenereta kabla ya kuliona. Lilikuwa likiguna. Sauti yake ilishuka, ikapanda, ikashuka, kama mzee anayepanda ngazi na gunia. Akakaza mwendo. Na mlangoni pa chumba chake alimkuta Kisakye Mwenye Jenereta, ameshika waya kwa mkono wa kuume, taulo begani, jasho usoni. Na ndani, juu ya kigoda kilichosogezwa hata kikafunika soketi ya ukutani, Mama Abuk ameketi kwa uzito wake wote.

“Mama Thiik,” Kisakye alikuwa akisema, na hakuwa na hasira, alikuwa na shida, “mimi iko na bibi-arusi ndani. Huyu Pearl, kichwa yake iko maji, kanisa inangoja, bwana yake amevaa suti toka asubuhi. Nikiwasha ile mashine ya kukausha, genereta inataka kufa. Genereta ni ya mimi, waya ni ya mimi, lakini wewe ni mzee wangu, siwezi kata tu hivi. Toa hii kitu ya watoto. Kalas, basi, watacheza kesho.”

Mama Abuk aliweka kisu juu ya bamia. Akainyoosha leso yake magotini. Adhieu, akiwa na ndala moja mguuni, hakuthubutu kuvuka kizingiti.

“Kisakye, binti yangu,” akasema Mama Abuk, “umenipa umeme wako na mimi sikuusahau. Lakini hapa sing'oi. Nilishang'oa sana. Huko Nakuru mara nyingi walipofika pale juu niling'oa, kwa sababu stima ilikuwa ya kununua na mimi nilikuwa peke yangu na hao wawili. Walilala wakilia, kila mmoja akimlaumu mwenzake, na hakuna aliyenilaumu mimi. Leo mmoja anakuja kutoka Nesitu, na akiondoka hapa sijui kama nitamwona kabla ya Krismasi. Zima friji yangu. Zima feni. Zima taa. Soda zichemke, nitawauzia wenye kikohozi. Lakini hii itabaki.”

Kisakye alimtazama yule mama, akaitazama friji, ambayo ndiyo iliyokuwa riziki ya mama huyo. Akauachia waya. Na Adhieu akaingia, akasema kwamba runinga nayo izimwe. Mashine ya gemu haina haja ya kuonekana, ina haja ya kuishi tu. Kwa hiyo wakaandikiana mkataba, ingawa bila karatasi: friji ikanyamaza, feni ikapunguza mabawa yake mpaka yakasimama, taa ikafa, runinga ikawa giza, na katika chumba kile ikabaki nukta moja ya buluu kwenye uso wa ile mashine kuukuu. Kisakye akakimbia mbele. Mashine ya kukaushia nywele ikanguruma juu ya kichwa cha Pearl. Jenereta likainama, likatikisika, likafikiri. Kisha likasimama imara.

Ndipo vikaja vita vikubwa kuliko vyote, navyo ni vya kutofanya lolote. Adhieu aliketi mkekani mbele ya kioo cheusi, akajiona humo, mwanamke mzima mwenye tope hadi kifundoni, amekumbatia padi ya mchezo wa watoto. Joto likapanda. Jasho likamtiririka mgongoni. Mara kwa mara jenereta lilijikwaa na ile nukta ya buluu ikapepesa, naye akaikodolea macho mpaka itulie. Alijiuliza kama Thiik angekuja kweli, au kama belti ikishafungwa angeona jua limekwenda na kupita moja kwa moja kwa honi moja na mkono dirishani. Alijiuliza pia atafanya nini akipita. Mama yake akampa bamia akate, naye akakata, kwa macho yaliyobaki kwenye ile nukta.

Na huko mbele mashine ya nywele ikanyamaza, mashangazi wakashangilia kichwa kilichokauka, na karibu katika pumzi ileile lori likaunguruma barabarani, likazimwa.

Thiik aliingia ameinama, maana mlango ule haukujengwa kwa watu wa kimo chake. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Hakusalimu.

“Umevuka?” akauliza.

“Sijavuka,” akasema Adhieu.

Thiik akatoka tena, akaomba sabuni, akanawa kwenye karai, akamwaga, akanawa tena, akasugua hata kati ya vidole, kama padri kabla ya misa. Mama Abuk alimsukumia sahani, naye kwa mara ya kwanza katika maisha yake akasema atakula baadaye. Runinga ikawashwa. Daraja la Kioo likatokea, pana, linang'aa, na chini yake hakuna kitu.

Padi ilikuwa moja. Hawakujadiliana. Thiik akashika upande wa kushoto, wa kutembeza, na Adhieu upande wa kulia, wa kupiga, bega kwa bega, kama walivyokaa Nakuru walipokuwa wembamba na kitanda kikiwatosha. Mkono wa Thiik uliokuwa umeoshwa mara mbili bado ulinuka grisi.

“Enda,” akasema Adhieu.

Kijana wa nungunungu akalikanyaga daraja. Ndugu wawili wakafumba macho, na lazima tarikhi iseme ukweli, kwa hiyo aliyeona ni Mama Abuk peke yake. Muziki haukukwama. Ulipanda. Walipofumbua macho kijana alikuwa katikati ya daraja anatembea, na nyayo zake zinalia juu ya kioo, sauti ndogo safi ambayo hawakuwahi kuisikia, na Thiik akasema kwa Kijieng, lugha ya kwao, polepole, neno ambalo baba yao alizoea kulisema ng'ombe mgonjwa aliposimama.

Akatokea Bwana Majivu. Alijaza runinga nzima. Alikuwa na mbawa, na nyuso juu ya nyuso, na kengele zote za Tsurane zikining'inia tumboni mwake, na mafundi wa Kijapani hawakubakiza juhudi yoyote. Akatoa hotuba ndefu juu ya ubatili wa wakati. Ndugu wakaisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

Adhieu akabonyeza. Binti mganga akaubariki upanga. Adhieu akabonyeza tena. Kijana akaruka, akashuka.

Na Bwana Majivu akaanguka.

Alianguka kwa pigo moja, maana mbwamwitu wote wale wa ngazini walikuwa wamemfanya kijana wa nungunungu kuwa na nguvu zisizohitajika na mtu yeyote. Hakupata hata zamu yake. Mbawa zikasambaratika, nyuso zikapasuka moja moja, na kwenye runinga yakatokea maandishi ya pongezi yaliyotungwa kwa ajili ya watu waliopigana kwa saa nzima.

Thiik aliitazama runinga. Akamtazama dada yake.

“Ni hivyo tu?” akauliza.

“Ni hivyo tu,” akasema Adhieu.

“Huyo,” akasema Mama Abuk, na kisu kikasimama hewani, “ndiye mliyekuwa mkinililia kila jioni?”

Na Thiik Mtimuavumbi akacheka. Alicheka mpaka akalala chali mkekani na miguu ikatoka nje ya mlango, na Adhieu akacheka akimwegemea, na kila mmoja alipotaka kunyamaza alimwona Bwana Majivu anavyoanguka, akaanza upya. Kisakye akaja kuona nani amekufa. Akakuta watu watatu wanapangusa machozi kwa leso moja, na kwenye runinga kengele za Tsurane zikipanda mnarani moja baada ya nyingine na watu wadogo wakitoka majumbani kutazama juu. Kisakye, aliyekuwa amewaachia mashangazi wamvishe bibi-arusi, akakaa. Yakaanza kupita majina ya wale mafundi wa mbali, mengi, yasiyotamkika, na Thiik akayatamka yote kadiri ya uwezo wake, kwa heshima, kama majina ya waliotoa mchango kwenye harusi. Kisha akala. Alikula sahani mbili, na jua likaenda, na yeye hakulitazama.

Na jina la mwisho lilipokuwa likipita, kabla Thiik hajala, huko barazani Pearl alitoka saluni na nywele zake zimesimama kama taji, na mashangazi wote, na wapita njia, na madereva waliokuwa kwenye chai, wakapiga vigelegele na makofi na honi, hata ng'ambo ya daraja la mto wakasikia. Sauti hizo zikafika chumba cha nyuma. Adhieu akainua kichwa.

Vigelegele hivyo vilikuwa vya nani, waulizeni wenye kupenda mabishano. Sisi tunaoandika habari za Sherikat tumeandika hivi: kwamba katika mwaka ule, mvua ya kwanza ikikaribia, Adhieu wa Maberingi alilishika Daraja la Kioo mchana mzima bila kulivuka, kaka yake akafika, wakalivuka pamoja, na mji mzima ukapiga vigelegele.